Mzee Aliyeiuliza Sabuni Hema Likae Vipi

Swali lililonisumbua lilikuwa dogo, karibu la kitoto: kwa nini mahema yetu ya kukodi huota tumbo la maji? Aliyewahi kuketi msibani au harusini wakati wa masika anajua ninachosema. Mvua inashika, turubai katikati ya nguzo linaanza kulegea, maji yanatuama, tumbo linakua, kisha anatafutwa kijana mwenye mpini wa ufagio alisukume kwa chini. Maji yanamwagika pembeni kwa kishindo, aghalabu miguuni pa wazee. Watu hucheka. Ila piga hesabu: maji ya kina cha sentimita 10 juu ya mita moja ya mraba yana uzito wa kilo 100. Yakijaa kina hicho kwenye eneo la mita mbili kwa mbili, ni kilo 400 zinazoning'inia juu ya vichwa vya wageni na sufuria za pilau.

Katika kutafuta jibu nikakutana na msanifu wa Kijerumani, Frei Otto, aliyefariki 2015 akiwa na miaka 89, na kampuni ya washona mahema iliyomfungulia mlango, L. Stromeyer ya mjini Konstanz. Nilitegemea kusoma habari za nguzo, kamba na vigingi. Nikakuta sabuni.

Otto alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akichovya nyaya kwenye maji ya sabuni. Ukipinda waya ukafanya fremu, ukaichovya na kuinyanyua taratibu, kati ya kingo zake hubaki utando mwembamba usioshikika. Utando huo una tabia moja na hauiachi: hujivuta mpaka uwe na eneo dogo kabisa linaloweza kuzijaza kingo zile. Hauna mkunjo, hauna pahala palipolegea, wala hauna sehemu inayovutwa kuliko nyingine. Mvutano ni ule ule kila nukta, kila upande. Mtu mwenye kalamu anaweza kuchora hema lolote analolitamani. Sabuni humwonyesha lile linalosimama kwa kitambaa kichache kuliko yote.

Ndiyo maana Otto hakupenda kusema kwamba aliyabuni maumbo yake. Kwa maelezo yake, aliyatafuta, akayakuta. Msanifu huweka masharti: nguzo itakaa hapa, kigingi kule, ukingo huu uwe kamba, ule uwe bomba. Baada ya hapo anakaa kando na kuyaacha maumbile yajibu. Kwa mtu aliyesomea fani inayotukuza mkono wa mchoraji, huo ulikuwa unyenyekevu wa ajabu, na nakiri ndio ulionifanya nimpende.

Jaribio moja sikuchoka kulifikiria. Weka kitanzi cha uzi juu ya utando wa sabuni. Kitalala kama kilivyoanguka, kimepinda ovyo. Toboa utando ulio ndani ya kitanzi, na papo hapo uzi unaruka na kuwa duara kamili, kwa sababu utando wa nje umeuvuta sawasawa pande zote. Sasa kivute kitanzi hicho juu. Utando unapanda nacho, unafanya kilele chenye mabega laini. Jaribu kuunyanyua vivyo hivyo kwa ncha ya sindano, bila kitanzi, na hupati kilele chochote: mzigo wote umekusanyika kwenye nukta moja na utando hauwezi kuubeba. Kwa hiyo hema la Ujerumani kwenye maonyesho ya dunia ya Montreal, mwaka 1967, halikuwekewa ncha ya nguzo chini ya kitambaa kama tufanyavyo sisi. Vileleni kulikuwa na vitanzi vikubwa vya kamba za chuma, vyenye umbo la jicho, vikigawa mzigo. Nguzo nane tu za urefu usio sawa, ndefu kuliko zote ikikaribia mita 40, zilifunika mita za mraba zipatazo 8,000.

Shida ya sabuni ni kwamba haidumu. Utando hukauka na kupasuka kabla hujaupima. Katika taasisi ya ujenzi mwepesi aliyoianzisha Stuttgart mwaka 1964, Otto na wenzake waliuweka ndani ya chumba chenye hewa ya unyevu ili uishi zaidi, wakaumulika kwa mwanga ulionyooka na kuupiga picha, kisha wakapima kwenye picha. Kutoka hapo wakatengeneza vielelezo vya nyaya na vitambaa vinavyovutika, wakapima tena, mpaka vipimo vikafika mezani kwa mkataji.

Na kwenye meza hiyo ndipo kazi ya mshona mahema inapoanza. Kitambaa hutoka kiwandani kikiwa bapa, na hema linalotakiwa lina mabonde na migongo. Mkataji hukigawa katika vipande virefu ambavyo kingo zake zina upinde, kila kipande na upinde wake, ili vikishonwa pamoja viinuke na kuwa umbo. Tena haitoshi kukata kwa kipimo kamili. Nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, hazivutiki sawa na nyuzi za mshindio zinazozikatiza, basi kila kipande hukatwa pungufu kidogo, kwa kiasi tofauti kila upande, ili hema likishakazwa lifike pale linapotakiwa. Ukikosea kidogo, unapata mikunjo ambayo hakuna kamba itakayoinyoosha.

Stromeyer walikuwa wakishona magunia na mahema tangu 1872. Otto alipowafikia alikuwa kijana mwenye shahada ya uzamivu ya mwaka 1954 kuhusu mapaa ya kuning'inia, na bila majengo ya kuonyesha. Peter Stromeyer, mwenye kampuni, alimsikiliza. Mmoja alikuwa na sabuni, mwingine alikuwa na cherehani. Mwaka 1955, kwenye maonyesho ya bustani mjini Kassel, wakasimamisha kibanda cha wanamuziki: kitambaa kimoja cha pamba chenye pembe nne, mbili juu na mbili chini, kikivuka mita zipatazo 18. Miaka miwili baadaye wakaenda Köln na hema la mawimbi juu ya uwanja wa kucheza dansi, lililokusudiwa maonyesho ya msimu ule. Hema la umbo lile bado linatumika pale pale.

Pembe mbili juu, mbili chini: jibu la swali langu lilikuwa hapo. Waite watu wanne wakushikie khanga kwa pembe zake. Wakizishika zote usawa mmoja, mwaga maji katikati uone yanavyotuama. Sasa waambie wawili wanaokabiliana wainue mikono na wawili wengine wainame, kisha wote wavute. Khanga inajipinda pande mbili zinazopingana, na maji hayana pa kukaa. Zaidi ya hapo, upinde unaoshuka kutoka pembe za juu ndio unaobeba uzito, na upinde unaoinuka kati ya pembe za chini ndio unaozuia upepo usilinyanyue hema. Kila uzi una mpinzani wake, na ugomvi wao ndio uimara wa hema. Mahema yetu mengi ya kukodi yana paa zenye sehemu bapa, zimefungwa kwa kulegea, hivyo hazina ugomvi huo. Zinasubiri mvua tu.

Otto mwenyewe aliufikia wepesi kwa njia ngumu. Alizaliwa 1925, babu yake na baba yake wakiwa wachongaji wa mawe. Ujanani alipenda kutengeneza ndege zisizo na injini, ambazo ni utando uliovutwa juu ya mifupa myembamba. Vita vya Pili vya Dunia vikamfanya rubani, kushindwa kukamfanya mfungwa katika kambi karibu na Chartres, Ufaransa, na humo akapewa kazi ya ujenzi. Vifaa havikuwepo. Alilazimika kujenga kwa kidogo kilichopatikana, na baada ya kutoka hakuacha tena. Utawala uliompeleka vitani ulikuwa umejenga kwa mawe mazito yaliyokusudiwa kudumu milele. Yeye akataka kinyume chake: majengo yanayotumia kitu kidogo, yanayoweza kuondolewa, yasiyojidai kuwa ya milele. Baadaye alisema kwamba amejenga machache, ila amebuni majumba mengi ya hewani.

Lakini hapo ndipo simulizi linaponichoma, maana kitambaa kichache hakikumaanisha fedha chache. Paa la viwanja vya Olimpiki vya München la mwaka 1972, alilolishughulikia pamoja na Günter Behnisch na mhandisi Fritz Leonhardt, lilifikia mita za mraba 74,800 za nyavu za chuma zilizofunikwa kwa plastiki angavu, na gharama zake zikapita mbali makadirio ya mwanzo. Vielelezo vya mkono havikutosha tena. Wataalamu wa vipimo na wa kompyuta wakaingia. Ukipunguza kitambaa unaongeza akili, na akili ya wahandisi inalipiwa. Nani wa kuilipia? Mpaka leo, kwa sehemu kubwa, ni serikali zenye maonyesho, viwanja vya michezo na wafalme.

Wasomaji waliojaliwa kufika Madina wameketi chini ya uzao wa kazi hiyo bila kujua. Otto alitengeneza miavuli mikubwa ya kufunguka na kufungika kwa maonyesho ya bustani ya Köln mwaka 1971, kisha mingine kwa ziara ya Marekani ya bendi ya Pink Floyd mwaka 1977. Mwanafunzi wake, Bodo Rasch, aliyesilimu, akaliendeleza wazo hilo mpaka likawa miavuli 12 ya nyua za ndani za Msikiti wa Mtume mwaka 1992, na baadaye ile 250 ya viwanja vya nje. Kutoka kwenye muziki wa roki hadi kwenye swala! Nimejaribu kulikasirikia jambo hilo nikashindwa. Kivuli ni kivuli.

Mapema 2015 alipoarifiwa nyumbani kwake kwamba ameshinda tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu, Otto alijibu kwamba hajawahi kufanya lolote ili kuipata. Alisema alichokifanya ni kubuni aina mpya za majengo ya kuwasaidia maskini, hasa baada ya majanga ya asili, na kwamba muda uliomsalia angeutumia hivyo hivyo. Akaongeza kwamba yeye ni mtu mwenye furaha. Alifariki tarehe 9 Machi, na tuzo ikatangazwa kesho yake.

Maskini, alisema. Mimi nikaenda kutafuta hema la maskini. Hema la familia la UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, lina mita 16 za mraba za kuishi, ambazo kwa kipimo cha chini cha kimataifa cha mita 3.5 kwa mtu zinatosha watu wanne na nusu, na limekusudiwa kudumu angalau mwaka mmoja. Ni hema la heshima: linakunjika, linabebeka, limeokoa watu wengi. Warundi waliomiminika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, mwaka 2015 walipokelewa chini ya mahema. Lakini kambi zenyewe hazikuishia mwaka mmoja: Nyarugusu ilifunguliwa 1996, na zile za Kenya, Kakuma 1992, Dadaab 1991. Je, ni nani aliyewahi kukaa na utando wa sabuni akiuuliza swali la Kigoma, la upepo wa Kakuma, la mama wa watoto sita? Na kama umbo bora linahitaji nguzo ndefu, vigingi vizito na mkataji hodari, litawezekana kweli pale ambapo lori moja lina siku mbili za kuwafikia watu elfu? Huenda unyenyekevu wa hema la UNHCR ndio hekima yenyewe. Huenda pia ni kwamba hakuna aliyewalipa wahandisi.

Kwa washona maturubai wa Kariakoo na Gikomba, na kwa wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Nairobi, ombi langu ni hili: kutaneni, kama Otto alivyokutana na Stromeyer. Ninyi mna cherehani na soko la harusi kila Jumamosi, wenzenu wana hesabu na muda. Anzeni na hema moja la kukodi lisilotuamisha maji. Likishasimama masika nzima, lipelekeni Kigoma.