Laini iliyobaki kwenye droo: mwaka wangu wa kwanza Mauritius

Watu wakisikia nilihamia kisiwani, kitu cha kwanza wanachouliza ni bahari. Cha pili ni viza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu laini yangu ya simu ya Kenya, na hiyo ndiyo ilinitoa jasho.

Nianze na viza basi, maana najua ndiyo imekuleta hapa.

Mwaka 2020, wakati korona imefunga mahoteli na watalii wamekwama makwao, serikali ya Mauritius ilianzisha kibali kinachoitwa Premium Visa. Ni cha mwaka mmoja, na unaweza kuomba kiongezwe. Kinamfaa mtu ambaye kazi yake anaifanya kwa kompyuta, na mshahara wake unatoka nje ya kisiwa. Huruhusiwi kuajiriwa na kampuni ya huko wala kuchukua kazi ya mwenyeji. Mapato waliyotaka nionyeshe yalikuwa angalau dola 1,500 kwa mwezi, na ukienda na mtoto kiasi kinapanda. Juu ya hayo, pasipoti, tiketi ya kurudi, bima ya afya na mahali utakapokaa.

Mimi huandika vitabu vya hesabu vya biashara ndogondogo za Uingereza. Nikiwa nyumbani Voi nilikuwa nafanya kazi hiyo hiyo, kwenye meza ya mama nyuma ya duka lake. Kwa hivyo makaratasi hayakunisumbua. Niliomba mtandaoni mwaka 2023, na serikali haikunitoza ada yoyote ya maombi. Nasema hivi kwa sababu kabla ya kuomba nilikuwa nimeshapata "wakala wa viza" wawili kwenye Facebook, na wote walitaka niwatumie pesa kwa nambari ya mtu binafsi "ili faili ifunguliwe". Mmoja alikuwa na picha ya bendera ya Mauritius na jina la Kikamba kwenye nambari ya simu. Ukiandika nambari na jina likatokea ambalo halifanani na ofisi unayodhani unailipa, simama hapo hapo. Usibonyeze kitu kingine.

Ndege kutoka Nairobi ni kama saa nne. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na soketi za ukutani zinaingia plagi zetu za pini tatu. Nilishuka nikadhani nimefika Kilifi yenye barabara nzuri.

Halafu nikaingia dukani kununua mkate, nikatoa simu.

Simu ni ile ile, pesa si ile ile

Hapa ndipo Mkenya anachanganyikiwa. Sisi tumezoea pesa kukaa ndani ya laini. Ukitaka kuweka au kutoa, unaenda kwa kibanda cha wakala, pale kando ya kinyozi. Benki ni kitu cha pili, na wengine hawana kabisa.

Mauritius ni kinyume. Watu wanalipa kwa simu kila mahali. Utasikia mtu sokoni akiuliza kama unatumia Juice, ambayo ni programu ya benki moja kubwa ya huko, na maduka mengi yana msimbo wa kuskani ukutani. Lakini nyuma ya simu kuna akaunti ya benki. Bila akaunti, simu yako ni ya kupiga picha tu. Na ile mitaa ya vibanda vya wakala, kila hatua kumi kimoja, sahau.

Akaunti nayo inataka uthibitisho wa anwani, yaani mkataba wa nyumba au bili ya umeme yenye jina lako. Nyumba niliyopata Flic en Flac, chumba kimoja na jiko, ilikuwa rupia 18,000 kwa mwezi. Wakati huo rupia moja ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi tatu, hesabu mwenyewe. Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima anayezungumza Krioli haraka kama cherehani, aliniandikia mkataba, lakini bili ya umeme ilibaki kwa jina la marehemu mume wake. Benki ikaniambia nirudi na barua nyingine. Nikasema nitarudi.

Sikurudi. Si unajua vile mambo huenda. Nilikuwa na kadi ya benki yangu ya Kenya, natoa rupia kwa mashine, nalipa nyumba kwa noti, maisha yanasonga. Kila ukitoa, ada inakatwa huku na huko, lakini ilikuwa kidogo kidogo nikaona si neno. Mshahara ulikuwa unaingia benki Kenya, nahamisha kiasi kwenye laini yangu, natumia mama, nalipa chama, nanunua tokeni za stima za duka. Yote kwenye programu, nikiwa nimekaa kwa kibaraza naangalia mwamba wa Le Morne kwa mbali. Nilijiona mjanja sana.

Mwezi wa Desemba nikanunua simu mpya. Laini ya Kenya nikaitoa kwenye simu ya zamani, nikaiweka kwenye kikaratasi, nikatia kwenye droo ya jikoni pamoja na vifungua chupa. Laini ya kisiwani ndiyo iliyokuwa na bando, kwa hivyo ndiyo iliingia kwenye simu mpya. Nilisema nitashughulikia ile nyingine baada ya sikukuu.

Jumatatu ya kimbunga

Sisi wa Kenya tuko karibu na ikweta, vimbunga tunavisikia kwenye redio. Mauritius msimu wake ni Novemba hadi Mei. Serikali hutoa tahadhari kwa madaraja, kuanzia la kwanza hadi la nne. Daraja la kwanza watu wanajaza maji na kununua mishumaa. La tatu unajifungia ndani.

Jumatatu tarehe 15 Januari 2024, kimbunga Belal kilipita. Port Louis ilifurika mpaka magari yakawa yanaelea barabarani kama mitumbwi, uwanja wa ndege ukafungwa, na watu wakakatazwa kutoka nje. Kwetu Flic en Flac umeme ulikatika. Mabenki yamefungwa, maduka yamefungwa, mashine za kutolea pesa zimezima.

Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 31 dada yangu mdogo alipopiga kwa WhatsApp.

"Kaka, mama ameanguka kwa ngazi ya stoo. Mguu umevunjika vibaya. Hospitali wanataka elfu sitini ndio waanze."

Nikamwambia hiyo si shida, natuma sasa hivi. Na nilikuwa nayo. Kwenye laini yangu kulikuwa na shilingi 84,000, nilikuwa nimeziweka za karo ya huyo huyo dada yangu.

Nikafungua programu kwenye simu mpya. Ikaniambia: kifaa hiki hakitambuliki, weka nambari tuliyotuma kwa SMS. Imetumwa wapi? Kwenye laini iliyoko kwenye droo. Nikakimbia, nikatafuta pini, nikachomeka laini. Hakuna mtandao. Sikuwahi kuwasha romingi kabla ya kuondoka Kenya. Nilidhani ni kitu cha kupigia simu za gharama, nikaona cha nini. Nikajaribu programu ya benki. Nayo ikatuma nambari ya kuthibitisha kwa laini ile ile.

Nilikaa sakafuni pale jikoni. Pesa ni zangu, jina ni langu, namba ya siri naijua, na siwezi kugusa hata shilingi. Nje upepo unapiga mabati ya jirani. Dada anauliza, "Imeingia?" Nikamwambia subiri. Baada ya dakika kumi akauliza tena, nikashindwa kujibu.

Mwishowe alinitoa aibu yeye mwenyewe. Mweka hazina wa chama cha mama alitoa 30,000, mjomba wetu wa Taveta akatuma 20,000, na zilizobaki dada akazitoa kwenye droo ya duka. Mama alifanyiwa upasuaji Jumanne. Mimi nilipata romingi Alhamisi, baada ya umeme kurudi na maswali mengi ya kuthibitisha mimi ndiye mimi. Sikuwalaumu kwa hayo maswali. Kama wangefungua laini yangu kwa mtu yeyote anayepiga akilia kwamba mama yake ni mgonjwa, zile 84,000 zingekuwa zimekwenda zamani.

Nilivyopanga upya

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo. Laini ya Kenya iko humo na haitoki. Romingi imewashwa, data imezimwa, kwa sababu data ya romingi inaweza kukula pesa ukiwa umelala. Kupokea SMS ndiyo kazi yake, na kwa hiyo kazi kabambe inatosha. Naichaji kila Jumapili. Kama bado uko Kenya na safari imekaribia, washa romingi ukiwa hapo nyumbani, kisha uiulize kampuni yako ya simu laini inaweza kukaa muda gani bila kutumika kabla haijafungwa. Hili usilipuuze. Laini iliyolala miezi mingi hufungwa, na baadaye nambari inaweza kupewa mtu mwingine. Fikiria ni vitu vingapi vinatuma ujumbe kwa nambari hiyo: benki, sacco, eCitizen, chama.

Watu wengi watakushauri umwachie ndugu laini na namba ya siri, eti akusaidie mambo ya nyumbani. Mimi sikubali, na si kwa sababu simwamini dada yangu. Simu yake ikiibiwa kwenye matatu, mwizi anapata maisha yangu yote na yake. Pia siku kukitokea kutoelewana juu ya pesa, hakuna rekodi ya nani alituma nini, yote yanaonekana nimefanya mimi. Afadhali nimtumie zake kwenye nambari yake, atumie kwa jina lake.

Ndivyo tunavyofanya sasa. Dada ana akiba ya dharura kwenye akaunti yake mwenyewe, elfu sitini, kiasi kile kile tulichokosa. Hatuigusi kwa karo wala kwa harusi ya mtu. Aligusa mara moja, jokofu la duka lilipokufa, tukakosana wiki nzima, na baadaye nikakubali kwamba jokofu la duka la mama pia ni dharura. Alirudisha.

Kuhusu simu mpya: kabla ya kubadilisha kifaa ukiwa nje, fungua programu zote kwenye simu mpya wakati ile ya zamani bado inafanya kazi na laini iko ndani. Ni kazi ya nusu saa. Mimi niliiacha kwa sababu ya pilau ya Krismasi.

Na benki ya kisiwani nilirudi. Mwenye nyumba aliniandikia barua, tukaenda naye pamoja kwa basi mpaka Quatre Bornes, na baada ya hapo tukala dholl puri mbili mbili kando ya soko, yeye akalipa kwa simu akinicheka. Sasa kodi naituma kwake moja kwa moja, na kuna rupia za kutosha hapa hapa kununulia mishumaa ya msimu. Sehemu ya mshahara inaingia huku, sehemu Kenya. Nimejifunza pia kwamba ukikaa huku siku 183 au zaidi ndani ya mwaka wao wa kodi, unaoanza Julai mosi, wanakuhesabu mkazi kwa mambo ya kodi. Mwaka wao unaisha tarehe 30 Juni, na hiyo hiyo ndiyo siku ya mwisho ya KRA kupokea ripoti ya mwaka uliopita. Kwa hivyo Juni yangu si ya bahari. Nilimlipa mtu anayejua kodi za pande zote mbili, na sijajuta, ingawa mimi mwenyewe ni mtu wa hesabu.

Mama anatembea na fimbo sasa. Duka limehamishwa stoo chini, hakuna ngazi tena. Nilipomweleza kwamba laini yangu ikikaa kimya sana inaweza kufungwa, alinisikiliza, akasema "aya", nikadhani yameishia hapo.

Kila tarehe mosi ya mwezi, asubuhi kabla sijaamka vizuri, kabambe inalia juu ya rafu ya jikoni. Ni SMS. Mama amenitumia shilingi ishirini.