Mkosoaji Aliyemwachia Mchoraji Neno

Mwishoni mwa mwaka 1973 kijana mmoja alifika kwa Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa akifundisha anthropolojia katika chuo kikuu cha Lubumbashi, akiwa na picha za kuuza. Aliitwa Tshibumba Kanda Matulu, na alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Fabian alinunua, kisha akauliza. Kufikia mwisho wa 1974 Tshibumba alikuwa amemletea picha 101 za historia ya Zaire, tangu enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu, na kila moja aliieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti.

Sanaa ya Katanga, jimbo lenye mji wa Lubumbashi, ilikwisha kupata wasemaji. Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alianzisha karakana ya Le Hangar mwaka 1946. Humo walitoka wachoraji Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Aliwasaidia sana, lakini yeye ndiye aliyeamua uasili wa Mwafrika ni upi.

Fabian na Ilona Szombati-Fabian walishika njia nyingine. Katika makala yao ya mwaka 1976 waliwasikiliza wachoraji na wanunuzi pia. Wakagundua kwamba picha iliyoitwa “Colonie belge” (koloni la Wabelgiji), ya mfungwa akichapwa viboko mbele ya Mbelgiji, haikuwekwa sebuleni kama pambo tu. Ilikuwa ukumbusho: mgeni akiitazama, mwenye nyumba huanza kusimulia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ukosoaji wa sanaa wa Lubumbashi ulipozaliwa, kwa kuwa hukumu ilitoka kwa watu walioishi na picha hizo.

Tshibumba hakukubali kuitwa mchoraji tu, alijiona mwanahistoria. Alipochora kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, na wenzake Mpolo na Okito, aliweka misalaba mitatu nyuma yao, akaeleza kwamba Lumumba alikufa kama Yesu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alipo, na hilo linauma.

Kitabu cha Fabian, “Remembering the Present”, kilitoka mwaka 1996 kwa Kiingereza, na picha zenyewe zikaishia katika jumba la makumbusho lililoitwa wakati huo Tropenmuseum, Amsterdam, mbali mno na watu waliochorewa. Lakini mazungumzo yaliandikwa neno kwa neno na kuwekwa kwenye intaneti. Mkazi wa Kasungami, pembeni mwa jiji, anaweza kuyasoma leo bila mkalimani, maana ni Kiswahili kilekile anachonunulia unga sokoni, na akabishana na Tshibumba mwenyewe juu ya historia ya nchi yao.