Kukereza chombo cha mti chenye mdomo mwembamba

Wengi wenu mmekwisha kuona katika maduka ya mjini chombo cha mti kilichowekwa kwa mapambo tu. Tumbo lake limevimba kama kibuyu, shingo ni fupi, na mdomo ni mwembamba hata vidole viwili haviingii pamoja. Ukikiinua utashangaa, maana ni chepesi mno. Ndani hamna kitu. Ndipo mtu hujiuliza: fundi aliupitishia wapi mkono wake? Hakuupitisha po pote. Alilikomba tumbo lile lote asipoliona.

Kazi hiyo huitwa kukereza, na mtambo wake kerezo. Neno si geni katika Kiswahili, kwa kuwa mafundi wa Lamu na Unguja walikereza miguu ya vitanda zamani. Mtambo wenyewe ni wa kale zaidi: huko Misri, katika kaburi la Petosiris lililojengwa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, imechongwa ukutani sanamu ya watu wawili kazini, mmoja akivuta kamba ili kuuzungusha mti, mwenziwe akishika patasi. Nasi tuna sifa yetu. Wakuba wa Kasai walichonga vikombe vyao vya tembo kwa tezo na kisu, wakavifunika nakshi za ajabu, na leo majumba ya makumbusho ya Ulaya yanavitunza. Lakini kwa tezo mti hutulia na chuma hutembea. Kwenye kerezo chuma hutulia na mti ndio utembeao.

Tuanze na mti, maana hapo ndipo vyombo vingi hufia. Mti uliokatwa jana waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Maji yakitoka, mti husinyaa, wala hausinyai sawasawa. Kwa urefu haupungui kitu cha kuonekana. Kwa kufuata duara za ndani hupungua mara mbili hivi kuliko kutoka kiini kwenda gamba. Kwa sababu hiyo gogo hupasuka kuanzia kiini, na chombo kilichokuwa duara kamili huwa yai.

Dawa yake ni kukereza mara mbili. Mara ya kwanza, mti ukiwa bado mbichi, fundi hutoa umbo la nje na kukomba ndani kidogo tu, akiacha ukuta mnene, yaani sehemu moja ya kumi ya upana wa chombo. Chombo cha sentimeta 20 kitabaki na ukuta wa sentimeta 2. Halafu hukipaka nta pale nyuzi za mti zilipokatwa kichwani, hukizika katika maranda yake yenyewe au hukitia katika mfuko wa karatasi, na kukiweka mahali pasipo jua wala upepo. Hukipima kwenye mizani kila juma. Siku uzito ukomapo kupungua, kimekauka. Kungoja huko huchukua miezi.

Nani asiyeona ugumu wake? Mwezi wa tisa umefika, ada ya shule yadaiwa, na rafuni mna vyombo ishirini ambavyo havijawa tayari. Kishawishi ni kukimaliza kibichi, kukipaka rangi ya kung'aa na kukiuza. Mnunuzi hukipeleka nyumbani, nacho hupasuka usiku kwa mlio kama wa bunduki ndogo. Mimi naona afadhali fundi wa namna hiyo akereze mipini ya majembe na miguu ya viti ili apate chakula cha leo, huku vyombo vikikauka polepole nyuma yake.

Sasa ukombaji. Kwanza fundi hutoboa tundu katikati kwa keke mpaka kina anachokitaka, akiacha sentimeta 2 za kitako. Tundu hilo humwonyesha mwisho wa safari. Asiyelitoboa atakuja kuliona jua kupitia kitako. Kisha huingiza chuma chembamba kilichopindwa ncha. Nyuzi za mti zikiwa zimelala kwa urefu wa chombo, hukata kutoka katikati kwenda nje. Humaliza kwanza ukuta wa karibu na mdomo, ndipo hushuka hatua kwa hatua, wala harudi juu tena, kwa maana ukuta uliokwisha kuwa mwembamba hutetemeka na kunyakua chuma. Kadiri ncha inavyozidi kuingia ndani kupita egemeo, ndivyo nguvu ya mti juu ya mkono inavyoongezeka. Kwa hiyo mpini huwa mrefu, nao hubanwa kwapani.

Maranda hayana njia ya kutokea. Kila baada ya dakika chache yampasa kuzima mtambo na kuyamwaga. Yakijaa, hukisonga chuma, na chombo huvunjika mkononi. Unene hupimwa kwa bikari iliyopindwa, lakini fundi hodari husikiliza pia: ukuta ukipungua, sauti ya ukataji hupanda. Mmarekani David Ellsworth ni mmoja wa waliojulikana sana kwa vyombo vya namna hii tangu miaka ya 1970, vyenye kuta nyembamba na mdomo mdogo sana.

Tusisahau hatari. Chombo cha sentimeta 20 kikizunguka mara 1000 kwa dakika, ubavu wake hukimbia zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Mikono mirefu ya shati, tai na glavu havifai kabisa hapo, maana mti huvivuta pamoja na mwenyewe. Uso ufunikwe kwa kioo cha plastiki. Na vumbi la msasa, ambalo vijana hulicheka, si la kuchekwa: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Uchunguzi wa Kansa, lililoko Lyon, lilitangaza kwamba vumbi la mbao huweza kuwaletea watu kansa, hasa ya pua. Barakoa nzuri yagharimu kidogo kuliko safari moja ya hospitali.

Mwisho chombo hukatwa kutoka kwenye mtambo. Kitako hukombwa kidogo katikati, ili kisimame juu ya ukingo wake bila kuyumba. Hupakwa mafuta yakaukayo au nta, wala hakitiwi maji. Ni cha maua makavu, au cha kutazamwa tu. Mafundi wengine hukiacha tena juma zima juu ya rafu kabla ya kukiuza, wakikitazama kila asubuhi kama kina ufa. Kisipokuwa nao, huandika chini yake jina la mti, mvule au mwembe, pamoja na mwaka.