Mchoraji Aliyetia Motoni Picha 315

Ndugu msomaji, ungesemaje juu ya fundi aliyekusanya kazi 315 za mikono yake mwenyewe, kazi ambazo matajiri wangezinunua siku ile ile, akazitupa zote motoni? Labda ungesema kwamba amerukwa na akili. Lakini mzee huyo alikuwa na akili timamu. Umri wake ulikuwa miaka 77, baba wa watoto wanne, Mkatoliki mwenye kusali. Tena picha hizo alizozichoma alikuwa amezidai mahakamani, akashinda! Jina lake ni Georges Rouault, mchoraji wa Ufaransa.

Alizaliwa Paris mwezi Mei 1871, mji ukiwa unapigwa mizinga katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mama yake alimzaa katika chumba cha chini ya ardhi, walimokimbilia kujificha. Baba yake alikuwa fundi wa mbao. Kwa hiyo mtoto hakukulia kwa wakubwa, alikulia kwa watu wa kazi za mikono. Alipofika umri wa miaka 14 alitiwa kwa fundi wa madirisha ya vioo vya rangi, na jioni alikwenda shule ya kuchora.

Pengine wewe umepata kusali katika kanisa lenye madirisha ya namna hiyo. Fundi hukata vipande vya kioo, chekundu, cha buluu, cha kijani, kisha huviunganisha kwa vipande vyembamba vya risasi. Ukisimama nje huoni kitu. Ingia ndani jua linapowaka, ndipo utakapoona watakatifu wanang’aa, na ile risasi imekuwa mistari myeusi inayowazunguka. Kijana Rouault alisaidia kutengeneza madirisha ya zamani sana yaliyoharibika. Na baadaye, alipokuwa mchoraji kamili, picha zake zilikuwa vivyo hivyo: mistari minene myeusi, na rangi zinazowaka katikati yake kama makaa.

Mwalimu wake mkuu, Gustave Moreau, alimpenda sana, akafa mwaka 1898. Kifo hicho kilimwangusha kijana. Mwaka 1901 alikwenda Ligugé, penye monasteri, pamoja na mwandishi Huysmans aliyetaka kukusanya wasanii Wakatoliki waishi pamoja kwa sala na kazi. Mwaka ule ule serikali ikatoa sheria ya kuwabana watawa, na mpango ukavunjika. Rouault akarudi Paris, akawa mtunzaji wa nyumba yenye picha za marehemu mwalimu wake, kwa malipo kidogo tu.

Sasa watu walitazamia kwamba Mkatoliki huyu atachora malaika wazuri wenye mashavu mekundu. Yeye akachora makahaba waliochakaa, wachekeshaji wa sarakasi wenye huzuni, mahakimu wenye nyuso ngumu wanaohukumu maskini. Rafiki yake Léon Bloy, mwandishi Mkatoliki ambaye yeye alimheshimu mno, alizichukia picha hizo, akamwambia wazi kwa barua kwamba anapenda ubaya. Je, Rouault alifanyaje? Hakumtukana, wala hakuvunja urafiki. Wala hakubadili uchoraji wake hata kidogo. Ukweli ni kwamba Bloy hakuona vema. Tazama uso wa mchekeshaji wa Rouault, kisha tazama uso wa Kristu aliouchora mkono ule ule: ni ndugu. Mtu huyu alimtafuta Bwana wetu mahali pale ambapo Yeye mwenyewe alisema atapatikana, kwa wadogo na waliodharauliwa.

Hapo anaingia mfanyabiashara wa picha, Ambroise Vollard, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion, huku katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1917 alinunua kazi zote zilizokuwamo katika karakana ya Rouault, mamia kwa mamia, nyingi zikiwa bado hazijakwisha. Rouault alikubali kwa sharti moja: apewe muda wote anaouhitaji kuzimaliza. Vollard akampa chumba cha kazi katika nyumba yake mwenyewe. Miaka ikapita. Rouault hakuwa mtu wa haraka, picha moja aliweza kuirudia miaka kumi na zaidi. Zile picha 58 za Miserere, juu ya mateso ya Kristu na mateso ya watu vitani, alizifanyia kazi kwenye mabamba ya shaba hata mwaka 1927, na kitabu chake kikatoka mwaka 1948!

Mwaka 1939 Vollard akafa kwa ajali ya motokaa. Warithi wake wakafunga mlango wa chumba kile. Wakadai kwamba vyote vilivyomo ni mali yao, kwani vilikwisha kununuliwa. Rouault akaenda mahakamani. Hakudai fedha zaidi. Alidai kwamba kazi isiyokwisha si kazi bado, na mwenye kujua kama imekwisha ni yule aliyeifanya tu. Mwaka 1947 mahakama ya rufani ya Paris ilimkubalia, na warithi wakaamriwa kumrudishia picha zisizokwisha ambazo bado walikuwa nazo. Alipata karibu 700.

Akazipanga, akazitazama moja moja. Akahesabu pia umri wake. Zile alizoona kwamba hataweza kuzimaliza tena, mwezi Novemba 1948 akazipeleka kwenye tanuru mbele ya afisa wa sheria aliyeshuhudia. Zilikuwa 315.

Sikuambii, msomaji, kwamba kila fundi afanye hivyo. Mwenye watoto wenye njaa ana wajibu mwingine. Wengine waliona ni hasara, na mimi naelewa kwa nini. Lakini fikiri kidogo: nani angejua? Wanunuzi walitaka jina lake tu. Wangetundika ukutani picha yenye kasoro wakafurahi. Aliyejua kasoro ni Rouault, na Mungu.

Kanisa nalo lilichelewa kumwita. Alikuwa mzee tayari vioo vyake vilipowekwa katika kanisa la Assy, milimani, palipokuwa na hospitali za wagonjwa wa kifua kikuu. Kanisa hilo lilitabarukiwa mwaka 1950. Mwaka 1953 Baba Mtakatifu Pio XII alimpa nishani ya Mtakatifu Gregori. Alifariki Paris tarehe 13 Februari 1958, na serikali ya Ufaransa ikamzika kwa heshima kubwa.

Nyumbani aliacha bado mamia ya picha zisizokwisha. Mwaka 1963 mjane wake na watoto walizitoa zote kwa taifa la Ufaransa, bila kuuza hata moja.