Je, Wajua? Ramli, Kiapo na Kukiri Kosa Meru na Embu

Je, wajua kwamba mzozo wa shamba Meru, nchini Kenya, unaweza kuamuliwa kwa kiapo cha beberu? Kiapo hicho huitwa nthenge, na husimamiwa na wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi lenye makao yake Nchiru, Tigania. Inaaminika kwamba anayeapa uongo hujiletea maafa yeye na ukoo wake. Kwa hiyo anayejijua ana kosa ana kila sababu ya kukiri na kulipa fidia mapema, kabla mnyama hajachinjwa.

Maradhi au misiba isiyoelezeka, nayo, ilipelekwa kwa mganga wa ramli: mundu mugo kwa Waembu, mugaa kwa Wameru. Alitikisa kibuyu chenye mbegu na vijiwe, akavimwaga na kuvihesabu ili atambue chanzo: mzimu aliyesahauliwa, laana au mwiko uliovunjwa. Kosa likishatajwa, mbuzi alichinjwa na mgonjwa akatakaswa.

Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1925, iliyowatia waganga wengi mashakani. Leo Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisikiuke haki za binadamu. Wazee wa Njuri Ncheke wanastahili heshima hiyo, kwani hukumu humaliza kesi tu, lakini aliyekiri kosa lake na kulipa fidia huweza kuishi tena kwa amani na jirani yake.