Poka kwa Anayeanza: Kanuni za Mchezo na Tatizo la Istilahi Zake

Mtu anayeketi kwa mara ya kwanza kwenye meza ya poka katika mtaa wa Karavia, mjini Lubumbashi, hukabiliwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kujifunza kanuni za mchezo wenyewe. Ya pili ni kujifunza lugha ambayo kanuni hizo hutajwa kwayo, nayo ni Kifaransa kilichochanganyika na Kiingereza cha Marekani, huku maelezo ya pembeni yakitolewa kwa Kiswahili cha mji. Kazi ya kwanza yaweza kumalizika katika jioni moja. Ya pili ndiyo aghalabu humgharimu mgeni fedha zake, kwa kuwa neno lisiloeleweka mezani hapo hulipiwa papo hapo.

Si kwamba Kiswahili kimekosa msamiati wa karata. Neno karata lenyewe, pamoja na majina ya aina nne za karata, yaani kopa, uru, pau na shupaza, yametokana na Kireno, nayo ni kumbukumbu ya enzi ya Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki, walikofika mwaka 1498 na kushikilia Mombasa hadi ngome yao ilipotekwa mwaka 1698. Majina hayo, hata hivyo, hayakuota mizizi Katanga. Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910 chini ya utawala wa Kibelgiji, na karata zilizochezwa humo zilitajwa kwa Kifaransa: cœur kwa kopa, carreau kwa uru, trèfle kwa pau na pique kwa shupaza. Kiswahili cha Lubumbashi huyapokea maneno ya namna hii bila taabu yoyote, kikiyapachika kiambishi ma- pale wingi unapohitajika.

Wala msamiati wa pwani hauwezi kuhamishiwa kwenye poka bila tahadhari. Kamusi za zamani za Kiswahili huziita karata zenye picha "wazungu": mzungu wa pili ni malkia, mzungu wa tatu ni jeki, na mzungu wa nne ni mfalme. Mpangilio huu ambao jeki anamzidi malkia si kosa la mtunga kamusi. Katika michezo ya Kireno kama vile bisca na sueca, malkia huhesabiwa pointi 2, jeki 3 na mfalme 4. Katika poka mambo hugeuka: malkia ni mkubwa kuliko jeki. Anayeanza akitokea kwenye mila ya pwani hana budi kulisahau jambo hilo, na pamoja nalo alisahau turufu. Katika poka hakuna turufu. Aina nne za karata ni sawa kwa hadhi, na kopa haimshindi shupaza wala shupaza haimshindi kopa.

Poka ilikua nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, katika eneo la New Orleans, ambako Kifaransa kilikuwa bado kinasemwa. Wataalamu wengi hulihusisha jina lake na mchezo wa Kifaransa uitwao poque. Kama nasaba hiyo ni sahihi, basi neno hilo lilitoka Ufaransa, likabadilishwa Marekani, kisha likarudi katika Kifaransa likiwa geni, na kutoka huko likafika Lubumbashi. Mwanzoni zilitumika karata 20 tu. Matumizi ya karata zote 52 yalienea kabla ya katikati ya karne hiyo. Namna inayochezwa zaidi siku hizi ni ile iitwayo Texas Hold'em, na ndiyo inayoelezwa hapa.

Kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo anaziona yeye peke yake. Baadaye karata tano za wote hufunuliwa katikati ya meza: kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kutokana na karata hizo saba, mchezaji huunda fungu lililo bora la karata tano. Mshindi ni mwenye fungu kubwa kuliko wote waliobaki, au yule aliyebaki peke yake baada ya wengine wote kujitoa. Sharti hili la pili ndilo moyo wa poka, na wengi wanaoanza hulichukulia kijuujuu. Mtu aweza kushinda bila kuonyesha karata hata moja.

Kabla ya karata kugawiwa, wachezaji wawili walio kushoto kwa mgawaji hulazimika kuweka dau bila kuona kitu. Wa kwanza huweka nusu ya anachoweka wa pili. Madau hayo huitwa kwa Kifaransa blindes, yaani madau ya upofu. Bila hayo kusingekuwa na kitu cha kugombea, na kila mtu angengoja karata nzuri hata alfajiri. Cheo cha mgawaji huhamia kwa jirani wa kushoto kila baada ya mzunguko, ili mzigo huo umfikie kila mmoja. Zamu za kuweka madau ni nne: baada ya karata mbili za siri, baada ya zile tatu za katikati, baada ya ya nne, na baada ya ya tano. Katika zamu ya kwanza huanza aliye kushoto kwa mwenye dau kubwa la upofu. Katika zile nyingine huanza wa kwanza kushoto kwa mgawaji ambaye bado yumo mchezoni.

Zamu yake ifikapo, mchezaji huwa na njia chache tu. Ikiwa hakuna aliyeweka dau, aweza kupisha. Wafaransa husema parole, na mgeni asikiapo neno hilo hudhani anaombwa aseme kitu, ilhali maana yake ni kwamba anayelitamka ameacha nafasi yake bila kuweka kitu. Ikiwa dau limekwisha wekwa, aweza kulifuata, kulipandisha au kujitoa. Kufuata ni tafsiri mwafaka ya suivre, na tayari husikika. Kwa kujitoa Wafaransa husema kwamba mtu "amelala". Tafsiri ya neno kwa neno hapa ingeleta kicheko, kwa kuwa anayelala katika Kiswahili hajaamua lolote, na anayejitoa kwenye poka ameamua. Kujitoa ni uamuzi ulio bora kuliko mwingine wowote kwa anayeanza, na ndio anaopaswa kuufanya mara nyingi zaidi. Kuhusu vidude vinavyowekwa badala ya fedha, jetoni lafaa kuliko chipsi, ambalo mahali pengi Afrika Mashariki lingewafanya wachezaji waulize pilipili iko wapi. Rundo la jetoni lililo katikati laweza kuitwa kitita.

Ngazi za mafungu, kutoka chini kwenda juu, ni hizi: karata kubwa tupu, jozi moja, jozi mbili, karata tatu za namba moja, mfululizo wa karata tano, karata tano za aina moja, tatu pamoja na jozi, nne za namba moja, na mfululizo wa aina moja, ambao kilele chake ni ule unaoanzia kumi na kuishia kwenye ree. Ree yaweza kusimama juu ya mfalme au chini ya mbili, lakini haiwezi kuwa daraja katikati: malkia, mfalme, ree, mbili na tatu si mfululizo.

Mpangilio huu haukuwekwa kwa hiari ya mtu. Karata 52 zaweza kutoa mafungu 2,598,960 ya karata tano. Kati ya hayo, 1,098,240 ni ya jozi moja. Mfululizo wa kawaida ni 10,200. Karata tano za aina moja zisizofuatana ni 5,108. Nne za namba moja ni 624 tu. Kilicho adimu humshinda kilicho tele. Ndiyo maana karata tano za aina moja huzidi mfululizo, jambo ambalo wanaoanza hulikataa kwa ukaidi, kwa sababu mfululizo huonekana kama kitu kilichojengwa kwa kazi kubwa zaidi.

Ni katika fungu hilo hilo ambapo tatizo la istilahi hufikia ubaya wake. Kifaransa huliita couleur. Katika lugha ya karata neno hilo lamaanisha aina, si rangi, lakini katika mazungumzo ya kila siku lamaanisha rangi. Mtu anayeelezwa kwa Kiswahili kwamba "karata tano za rangi moja" hushinda mfululizo atakusanya kopa tatu na uru mbili, zote nyekundu, ataweka jetoni zake zote, na atashindwa na jozi ya mbili. Hakudanganywa na mtu, bali na tafsiri. Neno rangi halifai kabisa hapa. Neno jamii lingefaa zaidi: karata za jamii ya kopa, fungu la jamii moja. Halichanganyiki na wekundu wala weusi, na linaeleweka Zanzibar kama linavyoeleweka Lubumbashi.

Hesabu kidogo humwokoa anayeanza kuliko ujasiri. Ichukuliwe kwamba mchezaji ana kopa mbili mkononi, na kopa nyingine mbili zimo kati ya karata nne zilizofunuliwa. Hajaziona karata 46, na 9 kati yake ni kopa. Basi nafasi yake ya kukamilisha jamii moja ni takriban moja katika tano. Kitita kikiwa na jetoni 400 na mpinzani akiongeza 100, atalipa 100 ili apate 500. Katika majaribio matano, manne yatamgharimu 400 na moja litamletea 500, afuate. Mpinzani akiongeza 400, atalipa 400 ili apate 800. Manne yatamgharimu 1,600, na moja litamrudishia nusu ya hasara, ajitoe. Karata ni zile zile, na tofauti imo katika bei peke yake.

Linabaki neno tapis, yaani zulia, litamkwalo na anayesukuma jetoni zake zote mbele. Mgeni huogopa kwamba mwenye jetoni nyingi aweza kumfukuza mezani kwa kuweka dau asiloliweza. Haiwezekani. Asiyekuwa na za kutosha huweka alizo nazo, na hushindania kiasi hicho tu kutoka kwa kila mpinzani. Ziada hutengwa katika kitita cha pembeni, ambacho hugombewa na waliokichangia peke yao. Na mafungu mawili yakilingana karata kwa karata, kitita hugawanywa sawa, bila kuuliza ni nani mwenye kopa.