Ramli chonganishi: sifa moja inayotenganisha waganga

Ramli ni nomino ya ngeli ya i-/zi-, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga. Mpiga ramli wa awali alichora alama mchangani, akazihesabu na kuzifasiri. Pwani neno hili limekaa jirani na bao, mburuga na falaki. Barani lilifika bila mchanga wake.

Usukumani, kuanzia Didia na vijiji vingine vya Shinyanga hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, njia maarufu ya uaguzi ni kuku. Hupasuliwa, kisha mfumu (kwa Kisukuma nfumu, wingi bafumu) akasoma alama za ndani ya mwili wake. Hapana mchanga hata chembe, lakini mzungumzaji akihamia Kiswahili husema kuwa amepigiwa ramli. Kauli hiyo ya kutendewa ni muhimu: mwaguzi hupiga, mteja hupigiwa. Sentensi «nilikwenda kupiga ramli kwa mganga», inayosikika sana, humgeuza mteja kuwa mwaguzi.

Sifa -chonganishi hutokana na kitenzi chonganisha, yaani kutia fitina kati ya watu hadi wakosane. «Ramli chonganishi» imeenezwa hasa na taarifa za polisi na magazeti kuhusu Kanda ya Ziwa, na si pambo la lugha. Mtu mwenye mtoto mgonjwa, ng'ombe waliokufa au duara lisilotoa dhahabu huenda kwa mfumu kutafuta sababu. Akiambiwa kuwa masamva, mizimu ya ukoo, wamesahauliwa, atafanya tambiko, na jambo litaishia nyumbani kwake. Akiambiwa kuwa sababu ni jirani, mara nyingi mwanamke mzee, huenda panga likafuata. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali wengi waliyapata kwa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi katika nyumba zilizojaa moshi. Ramli ya kwanza humrudisha mtu kwa wafu wake. Ya pili humwelekeza kwa aliye hai. Hiyo ya pili ndiyo chonganishi.

Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilidaiwa kuleta utajiri, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku shughuli za wapiga ramli. Kufikia Machi waganga na wapiga ramli zaidi ya 200 walikuwa wamekamatwa. Habari hizo zilipovuka kwenda lugha nyingine, mganga, mpiga ramli na mchawi walivikwa jina moja.

Kisukuma hakiwachanganyi. Mchawi ni nogi (wingi balogi), ndugu wa neno la Kiswahili mlozi. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kibantu unaosikika katika kuloga. Kiswahili kiligeuza g kuwa z mbele ya i ya zamani, Kisukuma kikaihifadhi. Mganga ni adui wa mlozi, si jina lake jingine. Tena Mganga Mkuu wa Mkoa ni daktari wa serikali, na waganga wa tiba asili wana sheria yao ya mwaka 2002 inayowataka wasajiliwe. Mfasiri anayekutana na «waganga wapiga ramli chonganishi» hana budi kutafsiri sifa hiyo hata ikimgharimu kishazi kizima. Akiiacha, amemshtaki pia mganga wa mizizi na majani ambaye hakumtaja jirani yeyote.

Katika habari hizohizo hujitokeza neno kikongwe. Umbo lake ni la ki-/vi-, lakini upatanisho ni wa watu: vikongwe waliuawa, si vikongwe viliuawa.